Uchambuzi: Darasa la chuo kikuu Nakivale lahitaji maikrofoni kabla ya skrini

Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, na washirika wake waliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Wakati huo walikuwa takriban asilimia 3 tu. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika, na haiwezekani wote wanaohitaji shahada wahamie mijini. Baadhi ya madarasa yatalazimika kuwafuata walipo.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Jiji la karibu ni Mbarara, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilianzishwa mwaka 1989. Kwa kijana wa Juru au Rubondo, umbali huo ni nauli, kodi ya chumba na ada kwa mpigo. Ndiyo maana wazo la chumba cha masomo kitakachounganishwa na mhadhiri kwa sauti na picha lina mvuto. Tatizo ni kwamba mazungumzo ya aina hii huanzia kwenye ukubwa wa skrini.

Skrini kubwa humfanya mwanafunzi kuwa mtazamaji. Vyumba vya kujifunzia kwa pamoja vilibuniwa kwa nia tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, mpango uliobuniwa miaka ya 1990 na mwanafizikia Robert Beichner uliondoa safu za viti na kuweka meza za duara za wanafunzi tisa tisa, ili wabishane wao kwa wao huku mwalimu akipita kati yao. Vifaa vilikuja kuyatumikia mabishano hayo.

Nakivale mabishano yana adui ambaye North Carolina haikumfikiria: bati. Mvua ikinyesha juu ya paa lisilo na dari, maikrofoni iliyoning'inizwa juu hubeba ngurumo na kuacha sauti ya mtu. Maikrofoni moja kwa kila meza, karibu na mdomo, pamoja na dari nyepesi na mapazia mazito ya kupunguza mwangwi, vitafanya kazi kubwa kuliko projekta ya bei ghali. Na mtandao wenyewe unaelekeza huko huko: mazungumzo yanayosikika vizuri hupita katika kilobiti zisizozidi 64 kwa sekunde, ilhali picha angavu hudai megabiti moja au zaidi. Mawimbi yakidhoofika, mfumo uruhusiwe kuitoa kafara picha ili sauti ibaki.

Kuna pia suala la kuchelewa. Setilaiti za kawaida za mawasiliano zipo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake hupoteza kama nusu sekunde angani. Ni muda mfupi, lakini unatosha mhadhiri kudhani hakuna aliyeuliza na kuendelea na somo.

Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa Uvira au Bujumbura, anayejadili na wenzake kwa Kiswahili na kusikiliza mhadhara kwa Kiingereza, anahitaji muda zaidi ya huo kuliunda swali lake. Kwake, kitufe mezani kinachowasha taa mbele ya mhadhiri Mbarara ni sehemu ya ufundishaji. Vivyo hivyo rekodi ya kila kipindi, ihifadhiwe katika kompyuta iliyomo chumbani humo, ili betri za sola zikiisha au mtandao ukikatika somo lisipotee.

Kabla ya chochote kununuliwa, vifaa vijaribiwe Nakivale kwenyewe, alasiri ya mvua ya Aprili, wanafunzi wakiwa wamejaa. Ukumbi wa muuzaji wenye zulia jijini Kampala hautaonyesha lolote kati ya haya.