Miguu ya Kipofu Haina Upofu

Katika mkutano wa injili uliofanywa juu ya kilima kimoja cha Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako kipaza sauti kilinguruma tangu alfajiri hata ng'ombe wakaacha malisho, nilimsikia mhubiri akimwambia mama mwenye mtoto asiyeona kwamba macho ya mwanawe yamezibwa kwa dhambi za ukoo, na kwamba wajibu wake ni kumkalisha ndani, kufunga saumu na kungoja muujiza. Umati ukaitikia amina. Mimi sikuitikia, maana Injili ya Yohana, mlango wa 9, yasimulia kwamba wanafunzi waliuliza swali hilohilo la dhambi ni ya nani, wakajibiwa kuwa si ya kipofu wala si ya wazazi wake. Na mtu awezaye kununua mafuta ya jenereta ili ahubiri, angalau na akisome kitabu anachokipunga hewani.

Laiti ujinga huo ungekuwa wa mhubiri peke yake, ningeustahamili. Lakini ni itikadi ya watu wetu wengi, tangu Sake ya Masisi hadi Mubi ya Walikale, kwamba mtoto aliyepofuka amekwisha, na kwamba huruma iliyo kamili ni kumketisha mkekani na kumlisha. Upofu wenyewe hauhitaji mizimu ili ueleweke: surua, ambayo katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 iliua watoto zaidi ya 7,000 nchini Kongo, huweza kuacha nyuma yake macho yaliyoharibika, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa vitamini A, na maji ya majani yakamuliwayo jichoni na wajuaji wetu humaliza kazi iliyobaki. Mawese mekundu ya Walikale yana wingi wa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo, na chanjo ya surua ipo duniani tangu miaka ya 1960. Ila barabara itokayo Goma, ambayo kila mwenye kuomba kura huitengeneza kwa mdomo, hukwamisha sanduku la chanjo. 

Tazameni kinachotendeka. Mtoto aliyekuwa akichota maji na kuchunga ndama hupoteza macho, na kabla hajazoea giza amekwisha kupokonywa ndoo, ndama na jembe, kana kwamba mikono nayo imepofuka. Kisha dada yake huachishwa shule ili ashike ncha moja ya fimbo, na asiyeona akamate ncha ya pili, waende sokoni kuomba. Serikali ilianza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, na sheria ya Mei 2022 ikathibitisha haki za watu wenye ulemavu. Sisi, kwa ugonjwa wa mtoto mmoja, tumewanyima shule watoto wawili. Upofu ni wa mmoja, ujinga ni wa wawili, na waliousababisha ni sisi tuonao.

Nilipoyasema haya mbele ya bwana mmoja msomi, aliyepata kukaa Ulaya, alitabasamu kwa huruma akanieleza kwamba vipofu wa huko hutembea kwa sababu wana mbwa wa kuwaongoza, na kwa kuwa sisi hatuna mbwa hao, basi wa kwetu na wakae. Ajabu ya hoja! Mbwa hao walianza kufunzwa shuleni huko Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Je, kabla ya mwaka huo vipofu wote wa Ulaya walikuwa wamekaa mkekani? Tena aghalabu mbwa hapewi mtoto mdogo, bali hupewa kijana au mtu mzima aliyekwisha kujua kutembea kwa fimbo, kwa kuwa mbwa hajui soko liko wapi: yeye humwepusha bwana wake na shimo na gari, lakini njia anayeijua ni bwana mwenyewe.

Na kama ni mbwa, twende Walikale. Humo msituni mwindaji humfunga mbwa wake kengele shingoni, akamwachilia kichakani asikoweza kumwona, akamfuata kwa masikio tu mpaka penye mnyama. Hakuna aliyepata kumwambia mwindaji huyo akae nyumbani eti kwa sababu haoni mbele. Tuna subira ya kumfunza mbwa kuwinda, tuna maarifa ya kwenda kwa kusikia, ila mtoto wetu wenyewe ndiye tusiyekuwa na wasaa wa kumfundisha.

Kumfundisha si kazi ya Ulaya. Ufito mwepesi wa mkaratusi, wenye kimo cha kumfika kifuani, watosha kuanzia: mguu wa kulia ukitangulia, ncha iguse kushoto, na wa kushoto ukitangulia, iguse kulia, ili kila pahali pa kukanyaga pawe pamekwisha kuulizwa. Na kipofu aliyefundishwa hufika mbali: Taha Hussein wa Misri alipofuka angali mtoto mdogo, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa nchi yake.

Tena kujua kutembea peke yake ni kinga ya uhai: mapigano yalipoingia mji wa Masisi Januari 2025, na mji wa Walikale Machi ya mwaka uleule, watu walikimbia kwa miguu, na katika umati wa wakimbizi mkono wa dada huponyoka upesi. Mtoto asiyejua ila kushikwa mkono, ukiponyoka amepotea. Basi enyi wazazi, mwacheni mhubiri na jenereta lake; mpeni mtoto fimbo yake na ndoo yake, mwandikisheni shule, na dada yake mrudisheni darasani kesho asubuhi.