"Kama Elfu Kumi Hivi"

Fundi wa kutengeneza paa akiulizwa gharama, aghalabu hujibu: "Itakuwa kama elfu kumi hivi." Mteja husikia "elfu kumi" tu. Kazi ikiisha, ankara huja ya shilingi 16,000, na matusi huanza papo hapo. Je, nani mwongo? Kwa maoni yangu, hakuna. Vijineno viwili, "kama" na "hivi", ndivyo vilivyobeba makadirio, na mteja aliyevipuuza amejidanganya. Hata hivyo, fundi aliyekuta mbao zimeoza akanyamaza, akaendelea kugonga misumari, hana utetezi. Angesimama, akamwita mwenye nyumba aje ajionee.

Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, ya mwaka 2012, imekwisha kulikata shauri hili: mapatano yakiwa na makadirio, malipo yasiyapite kwa zaidi ya asilimia 10, ila pande mbili zikubaliane upya kuhusu kazi ya ziada. Basi fundi wetu haki yake haivuki shilingi 11,000. Ajabu ni kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali ugomvi wenyewe huendeshwa kwa Kiswahili. Ndugu wanachama, tunasomea tafsiri. Mbona tusianze na kifungu hicho?