Stempu za Malkia Elizabeth: Kubadilisha au kubaki nazo?

Kifo cha Malkia Elizabeth II mwaka 2022 hakikuziua stempu zenye sura yake. Kilichoziua ni msimbo.

Stempu hizo za kila siku, maarufu kama Machin kwa jina la msanii aliyezibuni, Arnold Machin, zilianza kuuzwa Uingereza Juni 5, 1967. Mwaka 2022 Royal Mail ilileta zenye msimbo wa kuskani. Zisizo nao hazipeleki tena barua, ila ambazo hazijatumika ziliwekewa mpango wa kubadilishwa bure.

Hapo ndipo mkusanyaji anapobanwa. Akibadilisha, anapata stempu ya kutumia lakini mkusanyiko unapungua. Akibaki nazo, asitegemee utajiri: zilichapishwa kwa mabilioni, kwa hiyo nyingi hazina bei kubwa hata kama ni za zamani.

Thamani iko kwenye vitu vidogo: rangi iliyotofautiana kidogo, aina ya karatasi, gundi, mistari ya fosfori au kosa la uchapaji.

Kwa hiyo kabla ya kutuma bahasha nzima ikabadilishwe, kagua moja moja. Ikishaondoka, ndiyo basi.