Mkristo wa Kilambo na Kura Yake

Ndugu yetu mmoja wa Kilambo, mwanachama mwenye kadi na mtu wa kanisani kila Jumapili, ametuletea swali ambalo twajua ya kuwa wengi wanalo moyoni ila hawalitoi. Asema: "Huku kwetu wagombea karibu wote ni wa dini nyingine. Mzee wa kanisa atuambia tuombe tu, siasa tuwaachie wenyewe. Na tangu Oktoba 2025 mama watoto asema kupiga kura ni kazi bure. Je, nifanye nini uchaguzi ujao?"

Hatutamjibu kwa maneno ya jukwaani. Sisi tunaoandika haya tu Wakristo kama yeye, na maneno haya tumeyasema sisi kwa sisi mara nyingi kabla hajatuuliza.

Tuanze na lile lililo jepesi, la dini ya mgombea. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, alikuwa Mkatoliki asiyeficha ukatoliki wake. Ni nani waliompokea Dar es Salaam, wakamwombea dua, wakamtembeza kwa watu? Wazee wa TANU, na wengi wao walikuwa Waislamu. Hawakumwuliza anasali wapi. Walimwuliza atamwondoa vipi Mwingereza. Walikuwako waliojaribu kuitia dini katika jambo lile, lakini chama kiliwakatalia. Sasa Mkristo wa leo, anayefaidi matunda ya imani ile ya wazee, asimame pwani ya Mtwara aseme hawezi kumchagua Mwislamu? Aibu hiyo hatuitaki. Katiba yetu yakataza chama cha siasa kujengwa juu ya dini, na katazo lile ni ngao ya walio wachache mahali popote. Kilambo walio wachache ndio sisi.

La pili ni zito. Mama watoto hasemi upuuzi. Oktoba 29, 2025 chama kikubwa cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa kizuizini kwa shitaka la uhaini. Siku ile intaneti ilizimwa, na watu wakafa mijini. Mtu aliyeyaona hayo akiuliza kura ina faida gani, asijibiwe kwa wimbo.

Lakini swali hili si geni katika nchi hii. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wa ajabu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, asipofanya hivyo kura yake haihesabiwi. Tena mpiga kura sharti awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa mihogo wa Ruvuma angeipata wapi shilingi 3,000? Wengi walikwenda Tabora wakitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake, ANC. TANU ikaingia katika mizani ile iliyopinda, na wagombea wake pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Desemba 9, 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Wako wanaoitumia habari ya Tabora kama fimbo: piga kura, usiulize. Hayo sisi hatuyasemi. Tabora watu walibishana kwanza, tena kwa ukali, na uamuzi ulitoka katika ubishi. Aliyekataa alisema sababu yake hadharani. Tena katika uchaguzi ule TANU ilikuwa na mtu wake wa kumpigia. Pasipo na mtu wa namna hiyo, Mkristo anayebaki nyumbani na kueleza wazi kwa nini amebaki, sisi hatumhesabii dhambi. Kura si sakramenti. Anayetusikitisha ni yule asiyekwenda kituoni, asiyesema neno katika mkutano wa kijiji, kisha jioni chini ya mkorosho anailaani serikali kwa sauti ya chini. Huyo amejinyima vyote viwili.

Na hapo twafika kwenye neno la mzee wa kanisa, kwamba tuombe tu. Tuombe, ndiyo. Lakini nabii Nathani hakumwombea Daudi kwa mbali. Alimwendea mfalme akamwambia uso kwa uso. Wapendao kutusomea Warumi sura ya 13 mara nyingi huruka habari ya Nathani.

Kilambo haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Avuke mto kwa mawazo tu. Chini ya Mreno, kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, misheni za Kikatoliki zilipewa fedha na serikali, na Kanisa likafungwa kamba moja na dola. Juni 16, 1960 watu walipigwa risasi Mueda, na wengi wa wakubwa wa Kanisa wakanyamaza. Wachache hawakunyamaza. Kule Ureno kwenyewe Askofu wa Porto, António Ferreira Gomes, alimwandikia Salazar mwaka 1958, mwaka ule ule wa Tabora, akalipia kwa miaka kumi ya uhamishoni. Mwaka 1971 mapadre wa White Fathers waliondoka Msumbiji kwa sababu hawakuweza tena kuhubiri huku wakionekana upande wa mtesaji. Aprili 1974 Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alifukuzwa. Na upande wetu, Masasi ilikuwa na Askofu Trevor Huddleston tangu 1960 hadi 1968, mtu aliyeupinga ubaguzi wa Afrika Kusini mpaka shirika lake likamrudisha Uingereza. Leo twajivunia akina nani, wale walionyamaza au hawa?

Tutaambiwa: hayo ni ya Mreno, leo nchi ni yetu. Kweli ni yetu. Lakini mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walipotoa waraka wa Pasaka juu ya taifa na amani, ofisi ya serikali iliwaandikia waukane. Na Aprili 30, 2025 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alishambuliwa Kurasini akaumizwa. Tunayataja kwa sababu yametokea.

Tutaambiwa tena: mnaishi mpakani, chungeni amani. Nani ajuaye amani kuliko sisi? Oktoba 14, 2020, wiki mbili tu kabla ya kura, wauaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, wakachinja watu na kuchoma nyumba. Wauaji wale hawakuletwa na mwananchi aliyeuliza swali mkutanoni. Na fujo za gesi za Mei 2013, ambazo Mtwara iliungua kwazo na watu wakafa, zilianza kwa watu kuona kwamba wamesema na hawakusikiwa.

Kwa chama chetu wenyewe tuna neno pia. Katika matawi yetu mwanachama akiuliza, hasa akiwa wa dini ya wachache, huambiwa upesi ya kuwa "ametumwa". Ametumwa na nani? Ametumwa na njaa ya nyumbani kwake. Katibu wa tawi asiyeweza kujibu swali la Kilambo asiende kuomba kura Kilambo.

Basi ndugu yetu, mgombea akija, muulize hivi mbele ya watu: Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko mbali huko Mtambaswala, sisi wa Kilambo tutavukaje? Gesi ya Mnazi Bay yapita karibu na mlango wetu; kijiji kimepata nini? Na mtu akikamatwa kwa kusema, utamtetea hata akiwa si wa chama chako? Sikiliza jibu la tatu kwa makini zaidi, kisha nenda nyumbani ukazungumze na mama watoto. Tutafurahi mkituandikia alichojibu.