Mtoto na Ngazi Kumi

Huko Marekani mtoto wa kike ajifunzaye jimnastiki, yaani michezo ya viungo, hupandishwa ngazi kwa ngazi kama mwanafunzi apandavyo madarasa. Ngazi ni 10. Katika zile 5 za kwanza watoto wote hufanya mchezo ule ule uliowekwa. Tangu ya 6 kila mmoja hutungiwa mchezo wake. Wala hapandi mtu kwa kutaka tu: sharti apate alama zilizoamriwa, tena awe ametimiza umri.

Sasa wako wazazi wadhanio ya kuwa mtoto akiisha kupata alama zile, imempasa kupanda mwaka ule ule. Sivyo. Alama huonyesha ya kwamba siku moja, mbele ya waamuzi, mchezo ulikwenda sawa. Hazionyeshi kama mtoto ameacha kuogopa. Boriti wanayochezea juu yake ina upana wa sentimita 10 tu, na kimo chake ni sentimita 125. Mtoto aliyejua kupinduka kinyumenyume sakafuni, akapandishwa botini kabla moyo wake haujatulia, huenda akaanguka. Na hofu ikiisha kumwingia, huweza kukaa miezi mingi. Tena mifupa yake ingali inakua. Ncha za mifupa karibu na kiganja bado ni laini, na kuzielemea mno kila siku huziumiza. Mwaka mmoja wa kurudia ngazi si hasara kwa mtoto wa miaka 9.

Walakini liko kosa la pili, na pengine ni baya zaidi, kwa kuwa hujifanya busara. Wako walimu wamzuiao chini mtoto aliyekwisha kuiva, apate kuwashinda wadogo na kuleta medali. Huyo hafundishwi, anatumiwa; naye hujua, na wale wanaoshindwa hujua vile vile.

Wapendao haraka humtaja Nadia Comaneci wa Romania, ambaye mwaka 1976 huko Montreal, akiwa na miaka 14, alipewa alama 10 kamili mara saba. Ni kweli, lakini kwa sheria ya leo asingeruhusiwa hata kuingia, maana tangu 1997 msichana hashiriki Olimpiki kabla ya mwaka atimizapo miaka 16. Mbona hawamtaji Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Uzbekistan? Yeye alishindana katika Olimpiki nane, tangu 1992 hata 2021, na mara ya mwisho alikuwa na miaka 46.

Basi mpango ufanywe wa mwaka mmoja mmoja, mwalimu na mzazi wakiketi pamoja, na mtoto mwenyewe aulizwe. Akisema bado anaiogopa boriti, na ashindane katika ngazi aliyoizoea hata msimu ujao, huku mazoezini akijifunza yale ya juu kwenye boriti ya chini, penye magodoro.