Kabla ya Ofa Ijayo, Maliza Kwanza Viporo vya Gemu Zako

Hebu fungua orodha ya gemu ulizonunua, iwe ni kwenye kompyuta, kwenye PlayStation au kwenye simu. Zihesabu. Kisha hesabu zile ambazo hujawahi kuzifungua hata mara moja, pamoja na zile ulizocheza nusu saa ukaziacha. Kwa wachezaji wengi, hesabu hiyo ya pili haipendezi. Mwaka 2014 jarida la mtandaoni la Ars Technica lilichunguza akaunti za Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, likakadiria kwamba karibu asilimia 37 ya gemu zilizokuwa kwenye akaunti hizo hazikuwa zimefunguliwa kamwe. Yaani, katika kila gemu tatu, zaidi ya moja ilikuwa imekaa tu.

Kiswahili kina neno zuri la kitu cha namna hii: kiporo. Kiporo si kitu kibaya. Wali wa jana ukipashwa moto asubuhi ukaliwa kwa chai, watu huupigania. Lakini ukiuacha sufuriani siku nenda siku rudi, na kila jioni unapika mwingine, hapo unatupa chakula na pesa.

Maoni yangu ni haya: kwa mchezaji mwenye kipato cha kawaida, ofa nzuri kuliko zote mwaka huu ni gemu ambazo ameshazilipia. Na kanuni ya kufuata ni moja tu: nunua gemu siku utakayoanza kuicheza, si kabla.

Sisemi kwamba gemu ni kupoteza pesa. Wapo wanaosema hivyo, na mimi si mmoja wao. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kujiburudisha, na gemu nzuri inaweza kukupa burudani ya miezi miwili kwa bei ya matembezi ya jioni moja. Shida ni kulipia burudani ambayo haifiki.

Punguzo linalokula pesa

Tuchukue mfano. Gemu ya dola 40 imeshushwa bei kwa asilimia 75, sasa ni dola 10. Unaona umeokoa dola 30. Manake ofa ni tamu na itaisha Alhamisi, unanunua nne za aina hiyo. Jumla, dola 40. Miezi sita baadaye umecheza moja tu. Basi ile moja imekugharimu dola 40, bei kamili, kama vile hakukuwa na ofa yoyote. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 5,160.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Steam haina bei za shilingi ya Kenya. Sisi tunalipa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, halafu kufikia katikati ya mwaka ikashuka hadi karibu 129. Gemu ya dola 20 ilitoka shilingi 3,200 hadi 2,580 bila duka kugusa bei. Aliyeharakisha kuinunua mwezi Januari ili aicheze Agosti alilipa shilingi 620 za ziada kwa ajili ya kuiweka tu. Bila shaka dola inaweza pia kupanda, lakini hiyo si sababu ya kugeuza akaunti yako ya gemu kuwa ghala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo ya simu yana daftari tayari. Omba taarifa ya miamala yako ya mwaka mzima, tafuta malipo yote yaliyokwenda kwenye maduka ya gemu, ujumlishe. Shilingi 650 hapa, 1,300 pale, hazishtui zikiwa moja moja. Zikijumlishwa, ndipo mtu huketi chini. Na sisi tunaofanya kazi ya kurahisisha malipo tunapaswa kulisema hili waziwazi: kwa sababu kulipa kumekuwa kazi ya sekunde chache, kufikiri lazima kufanyike kabla, si baada.

Haki unayoipoteza ukinunua "ya baadaye"

Hapa ndipo hoja yangu ina uzito zaidi. Ukinunua gemu Steam na usiipende, unaweza kuomba kurudishiwa pesa zako, mradi ombi liwe ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe umeicheza chini ya saa 2. Google Play nako, ukinunua gemu ya simu, kwa kawaida unaweza kuomba Google ikurudishie pesa ndani ya saa 48.

Sasa fikiria. Umenunua gemu Desemba, ukaifungua Machi, ukakuta inagandaganda kwenye laptopu yako ya mtumba, au lugha yake huielewi, au haina ladha kabisa. Muda wa kudai umekwisha zamani. Mtu aliyenunua jioni ile ile aliyotaka kucheza angeijaribu, angeona haiendi, angedai pesa zake, na mambo yangeishia hapo. Wewe umelipa sawa na yeye, au karibu sawa, lakini ulinzi aliopata yeye wewe huna. Kuweka gemu kiporo ni kuitupa haki hiyo.

Tena bei za gemu nyingi hushuka kadiri zinavyozeeka. Steam ina ofa kubwa nne kwa mwaka, karibu moja kwa kila msimu. Gemu uliyoikosa leo kwa dola 10, mara nyingi utaikuta tena kwa bei hiyo au pungufu. Itie kwenye orodha ya matamanio, upate taarifa ikishuka. Kutamani ni bure.

Na si yako milele

Wengine watasema, "Hata nisipoicheza sasa, si ni yangu?" Siyo kabisa. Unachonunua kwenye maduka haya ni leseni ya kutumia, na tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe huandika hivyo kwenye ukurasa wa malipo. Gemu nyingi zitaendelea kuwa kwenye akaunti yako miaka mingi. Lakini zile zinazotegemea seva za kampuni zina siku zake za kuishi. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024. Haikujalisha kama uliinunua kwa bei kamili au kwa ofa, wala kama ulikuwa hujaifungua: haikuchezeka tena. Suala hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games.

Kwa hiyo ukitaka kujua kiporo kipi uanze nacho, anza na kile kinachohitaji seva. Gemu ya kucheza peke yako bila intaneti inaweza kungoja. Ile nyingine haingoji.

Ya kale ni dhahabu

Kumaliza viporo si lazima iwe gemu zilizotoka juzi. Nchini kwetu kuna kizazi kizima chenye viporo vya aina yake, viporo vya vibanda vya PS mitaani.

Kumbuka ilivyokuwa. PlayStation 2, mashine iliyotoka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo iliyowafundisha Wakenya wengi kushika padi. Ulilipa sarafu zako, ukacheza mechi, ukatoka, mwingine akaingia. Kwa mpira hakukuwa na shida. Lakini gemu ya hadithi kama Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004 haikuumbwa kwa kulipiwa kwa dakika. PS2 ilihifadhi ulipofikia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kibanda kikiwa hakina kadi hiyo, au mwingine akifuta faili yako, kesho ulianza upya. Matokeo yake? Vijana walishika kodi za siri, wakajiletea kifaru cha kivita, wakazunguka mji wakikimbizwa na polisi, muda ukaisha. Wangapi walijua kwamba CJ amerudi Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa? Wangapi waliwahi kuuona mwisho wa hadithi?

Ukiirudia leo ukiwa mtu mzima unakutana na gemu nyingine kabisa: kisa cha familia iliyovunjika, marafiki wasaliti na polisi wala rushwa. Ni hadithi ya watu wazima, kwa hivyo usimwachie mtoto. Lakini kwa mwenye umri wake, iliyokuwa kelele za barabarani wakati ule leo ni riwaya.

Na kimfuko? Gemu ya kale ni rafiki wa kipato. San Andreas ya awali ya kompyuta inahitaji kama GB 5 tu za nafasi, na laptopu ya mtumba isiyo na makeke huiendesha bila kulalamika. Linganisha na GTA V, ambayo Epic Games Store iliigawa bure Mei 2020. Bure ilikuwa bure, lakini inakula zaidi ya GB 70, na bando la kuipakua hakuna aliyekugawia. Bure nayo ina bei yake.

Tena kurudia gemu uliyoimaliza zamani hakugharimu hata shilingi. Kitabu kizuri tunakisoma mara ya pili, filamu nzuri tunaitazama tena Krismasi. Kwa nini gemu ionekane imekwisha thamani eti kwa sababu nyingine imetangazwa?

Namna ya kuvimaliza

Muda nao ni bajeti. The Witcher 3, gemu maarufu ya 2015, hadithi yake kuu peke yake huchukua kama saa 50. Ukiwa na saa 5 za kucheza kwa wiki, hizo ni wiki 10. Msimu mmoja wa ofa hadi mwingine ni kama wiki 13. Ina maana mfanyakazi wa kawaida anaweza kumaliza gemu moja kubwa kwa msimu, nne kwa mwaka. Mwenye gemu kubwa 20 zilizolala ana kazi ya miaka mitano bila kununua kitu. Ukishaliona hilo, kelele za ofa hupungua zenyewe.

Mimi napendekeza hivi:

1. Gawa gemu zako mafungu matatu: nitaicheza, sina hakika, sitaicheza kamwe.
2. Zile za "sina hakika" zipe saa moja moja. Isipokuvuta, iondoe kwenye mashine, usijilaumu. Pesa ilishatoka, usiongeze na usiku wako.
3. Cheza moja kubwa kwa wakati mmoja, na ndogo moja ya kupumzikia. Ukifungua tano, hutamaliza hata moja.
4. Ondoa kadi yako kwenye maduka ya gemu, au weka masharti ya nenosiri kwa kila malipo. Zile dakika mbili za kuandika upya namba za kadi zinatosha kukufanya ujiulize, "Nitaicheza leo?"
5. Kila unapojizuia kununua, hamisha kiasi hicho hicho kwenye akiba yako papo hapo. Usipokihamisha, kitapotea kwenye kitu kingine.

Msimu wa ofa pia ni msimu wa matapeli. Ujumbe wa "akaunti yenye gemu 100 kwa shilingi 500" uupite. Steam hairuhusu kuuziana akaunti, na mwenyewe anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote, wewe ukabaki na ujumbe wa muamala tu. Na hakuna gemu ya bure inayohitaji PIN yako.

Basi lini ununue mpya?

Kuna wakati kununua mpya ni sawa kabisa. Kama marafiki zako wanaanza gemu ya pamoja wikendi hii, thamani yake ni wao, na mwaka ujao watakuwa wamehama. Nunua, mcheze. Kama umemaliza kiporo chako na una hamu ya kitu fulani hasa, nunua, ukianze usiku huo huo, na ndani ya zile saa mbili za mwanzo amua kama unabaki nacho au unadai pesa zako.

Ninachokataa ni ile tabia ya kununua kwa hofu ya kukosa. Ofa ya asilimia 75 ikikujia, usiulize imeshuka kiasi gani. Uliza utaicheza lini. Jibu likiwa "siku moja", hiyo gemu bado si ya kununua. Na leo usiku, badala yake, kuna moja uliyoilipia tayari ambayo haijawahi kufunguliwa.