Kabini ya lori haigeuzi pikapu kuwa lori

MKULIMA wa Mnazi, wilayani Lushoto, anajua kwamba bei ya mazao yake haipangwi shambani peke yake. Inapangwa pia barabarani. Mzigo unaotoka tambarare za Mnazi kwenda Lushoto mjini hupanda milima ya Usambara kupitia Mlalo, na ukitakiwa kufika barabara kuu ya Dar es Salaam kwa njia hiyo, bado kuna takriban kilomita 30 za kona na mteremko hadi Mombo. Mwenye gari ndiye mwenye kauli. Asiye na gari huuza kwa bei ya aliyekuja na gari.

Ndiyo maana mfanyabiashara mdogo huvutiwa na wazo la kujipatia gari kwa kuunganisha. Anatafuta pikapu ya kisasa ambayo kabini yake imebonyea kwa ajali, kisha anaifunga kabini ya lori la zamani, kama yale ya Bedford yaliyobeba mizigo enzi za wazee. Pikapu iliyopinduka huuzwa kwa bei ya chini, na kabini kuukuu inaweza kupatikana kwa wauza chuma chakavu. Fundi wa kuchomelea naye yupo. Ukipiga hesabu ya haraka, faida inaonekana.

Wazo hilo si la kubezwa. Pikapu kama Toyota Hilux imejengwa juu ya chesisi inayojitegemea. Injini, giaboksi, springi na difu vimeshikwa na chesisi, na kabini imekaa juu yake kwa boliti na raba. Ikiharibika kabini, si lazima gari lote liende kwenye skrepa. Tena anayechukua chesisi ya kisasa amefikiri vizuri kuliko anayefufua lori zima la zamani. Malori ya Bedford yalikoma kutengenezwa na General Motors nchini Uingereza mwaka 1986, na anayetegemea spea zake anaweza kulaza gari wiki nzima huku nyanya zinaoza.

Tatizo linaanza pale gari linapotoka gereji likiwa na sura ya lori. Mwenye mzigo akiliona anasema hili ni lori. Wapakiaji nao wanapakia kama lori. Lumbesa zinapangwa, matenga yanawekwa juu yake, na siku ya gulio watu wanapanda juu ya matenga. Hakuna anayekumbuka kwamba chini ya kabini ile pana kuna ekseli, springi na breki za pikapu iliyotengenezwa kubeba takriban tani moja.

Hata hiyo tani moja haibaki yote. Kabini ya lori ni nzito kuliko ile iliyotolewa, na vyuma vya kuifungia vinaongeza uzito wake. Tuseme gari limeongezeka kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya kilo 100 ambayo gari limeacha kubeba kihalali katika kila safari. Kwa safari 100 za mwaka, ni magunia 200 yaliyoliwa na kabini. Mfanyabiashara atakayelazimisha kuyabeba hatakuwa amepata faida, atakuwa ameihamishia hasara kwenye breki. Na katika mteremko mrefu wa Usambara, breki iliyoelemewa hupata moto na kuacha kushika. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika kona za milimani, huvunja zaidi ya upishi.

Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii aanze na chesisi, asianze na kabini. Pikapu iliyopinduka inaweza kuwa na chesisi iliyopinda, na kasoro hiyo haionekani kwa macho ya mnunuzi mwenye haraka. Inapimwa kwa kamba au futi, pembe kwa pembe, kabla ya fedha kutolewa. Chesisi iliyopinda au iliyoliwa na kutu haifai kwa bei yoyote.

Kabini nayo isichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi. Chesisi hujinyonga kidogo gari linapopita kwenye mashimo, na ndiyo sababu ya kuwekwa raba. Ikibanwa kwa kuchomelewa, nyufa hufuata. Kabla ya kuchomelea chochote, nyaya za betri zifunguliwe, kwani umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vya kompyuta ya gari. Fimbo ya usukani isiungwe kwa kukatwa na kuchomelewa kienyeji. Pedali na busta ya breki vifungwe kwenye ukuta imara, kwa sababu bati jembamba likinepa, dereva anakanyaga breki na nguvu inaishia kwenye bati.

Upande wa nyuma nao una mtego wake. Kabini ya lori ikiwa ndefu, karoseri husogezwa nyuma, na mzigo unakaa nyuma ya ekseli. Gari likianza kupanda kuelekea Mlalo, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hautii. Mikanda ya usalama pia haipaswi kusahauliwa. Malori mengi ya zamani hayakuwa nayo, na mifuko ya hewa ya pikapu huondoka pamoja na kabini yake.

Huko Marekani wapo wapenzi wa magari wanaofunga kabini za pikapu za miaka ya 1940 na 1950 kwenye chesisi ya Chevrolet S-10. Wengi hufanya hivyo kwa ajili ya starehe na maonyesho. Gari la Mnazi linatakiwa kubeba mzigo kila wiki, mvua na jua, na kurudisha fedha. Ndiyo maana kabini nyepesi ya pikapu kuukuu, au ya Land Rover ambayo bati zake nyingi ni za aluminiamu na huunganishwa kwa boliti, ina busara kuliko kabini pana ya lori inayopendeza macho.

Kisha kuna karatasi. Kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi na ya injini, aina ya bodi, rangi na uzito. Mwenye kubadili mambo hayo anapaswa kuyafikisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kulipeleka gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani. Wengi huogopa na kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai. Siku ya ajali, kampuni ya bima itakuta gari lisilofanana na kadi, na mwenye gari anaweza kubaki na deni la maisha.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 1983 iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya kuona kwamba wananchi walikuwa tayari wamejitafutia usafiri. Kenya ina kiwango kinachojulikana, KS 372, cha kujenga bodi za magari ya abiria, ili mjenzi wa bodi ajue anapimwa kwa lipi. Fundi wa Lushoto anayefunga kabini anahitaji mwongozo wa namna hiyo, mfupi na kwa Kiswahili. VETA ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, na SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo. Wakaguzi wakipanga siku maalumu za kuja Lushoto, mwenye gari la kuunganisha atakuwa na sababu ya kujitokeza badala ya kupita njia za panya usiku.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna hatua moja isiyohitaji kibali wala mkopo. Gari likishapimwa likiwa tupu, mwenye gari aandike kwenye mlango, kwa rangi na tarakimu kubwa, kilo zinazoruhusiwa kupakiwa. Mpakiaji atazisoma, na dereva anayeshinikizwa kuongeza tenga moja zaidi atakuwa na cha kumwonyesha mwenye mzigo.